Zuhura: kila swali huishia kwenye hewa yake

Mwezi Mei 2025 jina la Kosmos 482 lilisambaa kutoka simu hadi simu. Ni chombo cha anga cha Umoja wa Kisovieti kilichorushwa Machi 1972 kwenda sayari ya Zuhura. Safari iliharibika mapema, kikashindwa kuchomoka kwenye mvutano wa Dunia, na sehemu yake ikaendelea kutuzunguka kwa miaka 53. Tarehe 10 Mei ikaanguka. Roscosmos, shirika la anga za juu la Urusi, lilitangaza kwamba ilitumbukia Bahari ya Hindi, magharibi ya Jakarta. Kabla ya hapo wasiwasi ulikuwa mwingi, na ulikuwa na msingi: vyuma vingi vinavyorudi kutoka angani huungua na kusambaratika huko huko juu, lakini hiki wataalamu walisema kinaweza kufika chini kikiwa kizima.

Sababu ya kusema hivyo ni Zuhura yenyewe. Kilichokuwa kinarudi ni tufe la chuma lenye upana wa kama mita moja na uzito wa karibu nusu tani, lililoundwa kupenya hewa iliyo nzito mara nyingi kuliko yetu. Kwa chombo cha namna hiyo, hewa ya Dunia ni kizuizi kidogo. Pacha wake, Venera 8, kilifika salama Julai mwaka huo huo, kikatua, na kutuma taarifa kwa dakika 50 hivi kabla ya kunyamaza.

Habari hiyo iliamsha mabishano ya zamani kuhusu jirani yetu huyu. Kwamba ina joto kali kwa kuwa iko karibu na Jua. Kwamba siku yake ni ndefu kuliko mwaka wake. Kwamba Jua huko huchomoza magharibi. Kwamba uhai umeshagunduliwa ila tunafichwa. Yamo ya kweli humo, yamo ya nusu kweli, na mengine si kweli kabisa. Ukiyafuatilia moja moja, karibu yote yanakupeleka pale pale: kwenye hewa yake.

Kwanza maneno machache tutakayoyatumia. Zuhura ni sayari ya miamba, yaani ina ardhi ngumu ya kusimama, kama Utaridi, Dunia na Mirihi. Iko ya pili kutoka Jua, umbali wa kilomita milioni 108. Dunia iko kilomita milioni 150. Upana wake ni kilomita 12,104, pungufu kidogo tu ya Dunia, na mvutano wake ni kama asilimia 90 ya wetu, kwa hiyo mtu wa kilo 70 angejisikia ana kilo 63. Angahewa ni tabaka la hewa linaloizunguka sayari. Kanieneo ni nguvu ambayo hewa hiyo hubana nayo kila kilicho ndani yake. Na tutatofautisha mwendo wa aina mbili: kujizungusha, pale sayari inapogeuka kwenye mhimili wake, na kulizunguka Jua.

Kwa kuwa njia ya Zuhura iko ndani ya njia yetu, hatuioni kamwe mbali na Jua. Huonekana magharibi baada ya machweo au mashariki kabla ya alfajiri, na usiku wa manane haipo. Ndiyo maana watu wa kale wa mataifa mengi waliidhania kuwa nyota mbili. Mwanzoni mwa 2025, wakati habari za gwaride la sayari, yaani sayari kadhaa kuonekana angani kwa pamoja, zilipovuma, ile taa nyeupe iliyokuwa ikiwaka magharibi kila jioni ilikuwa Zuhura. Mwishoni mwa Machi ikapita kati yetu na Jua, ikahamia alfajiri. Wapo walioidhania droni au ndege iliyosimama. Haimetimeti kama nyota, haisogei haraka kama satelaiti, na baada ya Jua na Mwezi hakuna kitu cha kudumu angani kinachoishinda kwa mng'aro. Mng'aro huo wenyewe ni habari ya hewa: Zuhura imefunikwa pande zote na mawingu mazito yanayorudisha angani karibu robo tatu ya mwanga wa Jua.

Mawingu hayo yaliwadanganya hata wanasayansi wakubwa. Svante Arrhenius, mwanakemia wa Uswidi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1903, aliamini kwamba chini yake kuna kinamasi chenye mimea iliyositawi. Huyu ni mtu yule yule ambaye mwaka 1896 alikokotoa jinsi hewa ukaa inavyoipasha Dunia joto. Maarifa ya kuielewa Zuhura alikuwa nayo mkononi. Alichokosa ni vipimo.

Vipimo vilikuja Desemba 1962, chombo cha Marekani cha Mariner 2 kilipopita karibu na Zuhura na kuonyesha kwamba chini ya mawingu kuna joto la kutisha. Leo tunajua wastani wake: nyuzi 465 za Selsiasi. Madini ya risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327, na zinki kwenye 420. Na hakuna pa kukimbilia, kwa sababu mchana na usiku, kwenye ikweta na kwenye ncha, joto ni karibu lile lile.

Watu wengi watakwambia ni kwa sababu ya ukaribu wake na Jua. Hapo ndipo kosa linapoanza. Utaridi iko karibu zaidi, kilomita milioni 58 tu kutoka Jua, lakini mchana wake hufika nyuzi 430 na usiku wake hushuka hadi nyuzi 180 chini ya sifuri. Haina hewa ya maana, kwa hiyo joto la mchana hupotea lote. Halafu kuna jambo linalowashangaza wengi wanapolisikia mara ya kwanza: Zuhura hupokea mwanga karibu mara mbili ya Dunia, lakini kwa kuwa mawingu yake hurudisha sehemu kubwa, kiasi kinachobaki na kuipasha ni kidogo kuliko kile kinachoipasha Dunia. Kama ingetegemea mwanga huo peke yake, ardhi yake ingekuwa baridi chini ya nyuzi sifuri.

Joto linatokana na hewa. Asilimia 96.5 ya angahewa ya Zuhura ni kaboni dioksidi, ile hewa ukaa. Karibu yote iliyobaki ni naitrojeni. Hapa kwetu hewa ukaa ni kama sehemu nne tu kati ya 10,000. Mwanga wa Jua unaopenya mawingu hufika chini na kuipasha ardhi. Ardhi yenye joto nayo hutoa miale yake, isiyoonekana kwa macho, ambayo ndiyo njia pekee ya sayari kupunguza joto lake kuelekea angani. Hewa ukaa hupitisha mwanga wa kawaida bila shida, lakini miale hii ya joto huinasa, huimeza, na kurudisha sehemu yake chini. Kwenye hewa nene namna hiyo mwale hunaswa na kutolewa mara nyingi mno kabla ya kufika juu, na joto hulundikana chini mpaka ardhi inapokuwa moto kiasi cha kusukuma nje kiasi kile kile kinachoingia. Hii ndiyo kazi ya gesi joto. Mawingu na mvuke mdogo wa maji uliopo husaidia kuziba mianya iliyobaki.

Wapo wanaodai mtandaoni kwamba hewa ukaa haihusiki, ni kanieneo tu. Dai hili linahitaji kujibiwa kwa makini kwa sababu lina chembe ya ukweli. Ni kweli kwamba hewa inapobanwa hupata joto, na kwamba kadiri unavyoshuka kwenye angahewa nene ndivyo joto linavyopanda. Lakini hewa iliyokwisha kubanwa haiendelei kuzalisha joto. Lile la kubanwa hutoroka na kwisha. Ili ardhi ibaki kwenye nyuzi 465 kwa mamilioni ya miaka lazima kuwe na kitu kinachozuia joto lisitoroke, na kanieneo kubwa ya gesi inayopitisha miale yote isingeweza kazi hiyo.

Kanieneo yenyewe, hata hivyo, ni jambo la kuheshimu. Kwenye ardhi ya Zuhura ni mara 92 ya hapa, sawa na kuzama baharini kina cha karibu mita 900. Kila mita ya ujazo ya hewa hiyo ina uzito wa kilo 65 hivi, wakati yetu ni kilo moja na kidogo. Ndiyo maana upepo wa ardhini, ambao mwendo wake ni kama wa mtu anayetembea polepole, una nguvu kuliko unavyosikika.

Sasa swali zito zaidi: ilikuwaje sayari mbili zenye ukubwa sawa, zilizoundwa mahali pamoja, zikatofautiana hivi? Jibu moja liko pwani yetu. Nyumba za kale za Lamu, Mji Mkongwe wa Zanzibar na Kilwa Kisiwani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Viwanda vya saruji vya Bamburi na Wazo Hill vinachimba miamba ya aina hiyo hiyo. Matumbawe ni kaboni iliyofungwa kwenye jiwe, na ukilichoma jiwe hilo tanuruni kupata chokaa, hewa ukaa hutoka na kurudi angani. Dunia, kwa makadirio ya wanasayansi, ina kaboni inayokaribiana na ile ya Zuhura. Tofauti ni kwamba yetu imelala kwenye miamba ya chokaa, yao inaelea hewani.

Kinachoifunga kaboni kwenye mawe ni maji. Mvua huiyeyusha hewa ukaa na kumomonyoa miamba, mito hupeleka vilivyoyeyuka baharini, na huko hugeuka kombe, matumbawe na hatimaye chokaa. Zuhura haina mvua inayogusa ardhi wala bahari. Maji yake ya awali yaliishia kuwa mvuke juu angani, mwanga mkali wa Jua ukauvunja, na haidrojeni iliyo nyepesi ikatorokea anga za juu. Ushahidi ulipatikana mwaka 1978 na chombo cha Pioneer Venus: haidrojeni iliyobaki huko ina kiwango cha haidrojeni nzito, aina yenye uzito mara mbili ya ile ya kawaida, zaidi ya mara 100 ya kile cha bahari zetu. Ile nyepesi ilishaondoka, nzito ikasalia. Je, maji hayo yaliwahi kukusanyika yakawa bahari? Wataalamu wamegawanyika. Baadhi ya mahesabu ya kompyuta yanaonyesha bahari zilizodumu muda mrefu, mengine yanaonyesha mvuke ambao haukupata nafasi ya kupoa hata mara moja.

Hapa huja hofu nyingine: je, Dunia itageuka Zuhura kwa moshi wetu? Kufika kwenye hali ile kungehitaji bahari zote kugeuka mvuke, na wanasayansi wengi hawaoni kwamba makaa na mafuta tunayochoma yanatosha kufanya hivyo. Ila fizikia ni ile ile, na huhitaji nyuzi 465 kupata maafa. Nyuzi mbili tatu zinatosha kuua matumbawe hai.

Tupande kidogo kwenye mawingu. Yako kati ya kilomita 48 na 70 hivi juu ya ardhi, na matone yake ni asidi ya salfuri, ile ya kwenye betri za magari, tena kali. Utasikia kwamba vyombo vinavyotua huko huliwa na mvua ya asidi. Matone hushuka, lakini hugeuka mvuke kabla hayajakaribia ardhi, kwa sababu ya joto. Kinachoua vyombo chini ni joto na kanieneo.

Huko mawinguni kuna hali ya ajabu: kwenye kilomita 50 hadi 55, kanieneo inakaribia ya kwetu na joto liko kati ya nyuzi 75 na 27. Juni 1985 safari za Kisovieti za Vega 1 na Vega 2 ziliacha maputo mawili yakaelea huko kwa karibu siku mbili, kila moja likipeperushwa maelfu ya kilomita. Ni kwa sababu ya eneo hili kwamba Septemba 2020 kundi lililoongozwa na Jane Greaves wa Chuo Kikuu cha Cardiff lilizua mjadala mkubwa. Walitangaza kuona dalili za fosfini, gesi ambayo hapa Duniani huhusishwa na vijidudu vinavyoishi pasipo oksijeni. Vichwa vya habari vikaandika uhai. Wao wenyewe hawakusema hivyo. Walisema wameona gesi wasiyoweza kueleza chanzo chake. Baadaye hesabu zao ziliporudiwa kiwango kilishuka sana, na darubini nyingine zilipotafuta hazikuipata. Mjadala bado uko wazi, na uhai haujagunduliwa Zuhura.

Chini ya hayo yote kuna ardhi ambayo ni vyombo vichache tu vimeigusa. Venera 7 kilikuwa cha kwanza kutua na kutuma taarifa kutoka sayari nyingine, Desemba 1970, kwa dakika 23. Oktoba 1975 Venera 9 kikatuma picha za kwanza kabisa kutoka ardhi ya sayari nyingine. Machi 1982 Venera 13, kilichotarajiwa kuishi dakika 32, kikaishi 127 na kutuma picha za rangi: mawe bapa yaliyopasuka, udongo mweusi kati yake, na mwanga wa rangi ya machungwa kwa kuwa hewa nene huchuja rangi ya buluu. Uchambuzi ulionyesha mwamba wa aina ya basalti, jamaa wa lava iliyopoa ya volkeno zetu. Nauona ushujaa wa kihandisi katika kazi hiyo ambao hausimuliwi vya kutosha.

Ramani tuliyo nayo imetokana na rada, kwa kuwa mawimbi ya redio hupenya mawingu. Chombo cha Marekani cha Magellan kilipima asilimia 98 ya sayari kati ya 1990 na 1994. Sehemu kubwa ni nyanda za lava. Kuna milima ya Maxwell yenye kimo cha kilomita 11. Kuna nyanda za juu za Beta Regio zilizopasuliwa na bonde la Devana Chasma, ambalo wanajiolojia wamelilinganisha na Bonde la Ufa la Afrika Mashariki, ingawa Zuhura haina mabamba yanayosogea kama ya kwetu. Kasoko zilizochimbwa na vimondo ni kama elfu moja tu, kwa hiyo ardhi inayoonekana ni changa kwa vipimo vya sayari, mamia kadhaa ya mamilioni ya miaka. Kasoko ndogo hazipo: vimondo vidogo husambaratika hewani. Mwaka 2023 Robert Herrick na Scott Hensley, wakilinganisha picha za Magellan za Februari na Oktoba 1991, walionyesha kwamba mdomo wa volkeno kwenye mlima Maat ulikuwa umepanuka karibu mara mbili ndani ya miezi hiyo minane. Ushahidi ulikuwa umekaa kwenye kumbukumbu miaka 30. Volkeno za Zuhura ziko hai.

Limebaki lile la siku na mwaka, na hapa tuende taratibu. Zuhura hulizunguka Jua kwa siku 224.7 za kwetu. Hujizungusha mara moja, ikilinganishwa na nyota za mbali, kwa siku 243, tena kwa upande ulio kinyume na Dunia. Kwa hesabu hiyo ni kweli kwamba mzunguko mmoja kwenye mhimili ni mrefu kuliko mwaka. Lakini mtu wa kawaida akisema siku anamaanisha kutoka macheo hadi macheo. Siku ya namna hiyo Zuhura ni siku 117 za kwetu, kwa hiyo mwaka mmoja una karibu siku mbili.

Inawezekanaje? Weka karabai katikati ya uwanja usiku na uizunguke huku uso wako ukielekea kibla muda wote. Hujajigeuza hata kidogo, lakini mwanga utakupiga usoni, kisha ubavuni, kisha mgongoni, kisha ubavu wa pili. Mzunguko mmoja umekupa siku moja bila kujizungusha. Sasa rudia, na safari hii geuka polepole kwa upande ulio kinyume na ule unaouzungukia. Miendo miwili inasaidiana, na mwanga utakuzunguka karibu mara mbili kabla hujarudi ulipoanzia. Hiyo ndiyo Zuhura. Na kwa kuwa inajigeuza kinyume, Jua huchomoza magharibi na kutua mashariki, kama wanavyosema, ila mtu aliye chini angeona tu mwanga hafifu ukizidi na kupungua, kwa sababu mawingu hayaruhusu Jua lenyewe kuonekana.

Mwendo huu ni wa pole mno. Kwenye ikweta ya Dunia, pale Nanyuki, ardhi hutubeba kwa kilomita 1,670 kwa saa. Kwenye ikweta ya Zuhura ni kilomita 6.5. Wakati huo huo upepo wa kilele cha mawingu unakimbia kilomita 360 kwa saa na kuizunguka sayari nzima kwa siku nne tu. Hewa inajizungusha mara 60 haraka kuliko ardhi iliyo chini yake, na hewa hiyo ni nzito kiasi cha kuiyumbisha sayari: vipimo vya rada vilivyochukuliwa kati ya 2006 na 2020 vilionyesha kwamba muda wa mzunguko wake hubadilika kwa hadi dakika 20 hivi, kadiri hewa na ardhi zinavyosukumana. Wataalamu wengi wanaamini kwamba hata upole wake na ukinyume wake vinatokana na mvutano wa Jua kushindana na msukumo wa hewa hii iliyopashwa joto, kwa muda mrefu mno.

Safari tatu zimepangwa kwenda huko miaka ya 2030: VERITAS na DAVINCI za Marekani, na EnVision ya Shirika la Anga la Ulaya. VERITAS na EnVision zitapima ardhi upya kwa rada kali kuliko ya Magellan. DAVINCI itadondosha tufe litakaloshuka kwa kama saa moja likionja hewa tabaka kwa tabaka hadi nyanda za juu za Alpha Regio, na miongoni mwa vitu litakavyopima ni ile haidrojeni nzito, ili tujue Zuhura ilipoteza maji kiasi gani.